Uso wangu kati ya nyumba ya Mamkubwa Maskati na nyumba ya dada London

Nikirudi kutoka Maskati begi langu linanuka udi mpaka dereva wa teksi pale uwanja wa ndege Dar ananiuliza, dada umetoka Uarabuni? Nikirudi London begi halinuki kitu, limejaa vichupa vyenye maandishi madogo madogo ambayo zamani nilikuwa siyasomi kabisa. Mimi si mtu wa safari. Sijawahi kupanda ndege kwenda kutembea tu, kila nilipotoka nje ya nchi nilikuwa nakwenda kwa mtu wangu, na nyumba zenyewe ni mbili, ya Mamkubwa, dada yake mama, yupo Sib, nje kidogo ya Maskati penyewe, na ya dada yangu, yupo East Ham, London mashariki. Lakini karibu kila ninachokijua leo kuhusu ngozi yangu nimekipata kwenye nyumba hizo mbili, nimekaa kwenye mkeka au kwenye ukingo wa bafu huku mtu kanishika kidevu. Watu wananiuliza inboksi unatumia nini, na nikitaja krimu moja naona nimewadanganya, kwa hiyo leo naandika yote, kaeni na chai.

Naanza pale nilipoharibu. Mwaka 2016 nilikuwa na chunusi za kidevuni na mashavuni, zile ambazo chunusi yenyewe inakaa wiki ila doa lake jeusi linakaa nusu mwaka. Mimi ni maji ya kunde, na yale madoa yalikuwa yananiuma kuliko chunusi zenyewe, nilikuwa nafunika uso na mtandio hata nikienda dukani. Shoga yangu akanipeleka kwenye duka moja mjini, wanakuchanganyia krimu mbele ya macho yako, wanatia kwenye kikopo kisicho na lebo yoyote, na mimi mtu mzima na elimu yangu nikalipa nikaondoka. Mkorogo. Nilijua kabisa unaitwa mkorogo na bado nikajiambia huu wangu ni wa madoa tu, si wa kujichubua, kana kwamba krimu inajua mimi nimenuia nini.

Wiki ya tatu madoa yalipungua kweli, na hapo ndo mtego ulipo, maana ungeniambia kitu siku ile nisingekusikiliza. Mwezi wa nne ngozi ya mashavuni imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, mishipa midogo myekundu inaonekana, nikitoka juani uso unawaka moto, vifundo vya vidole vyeusi na uso una rangi ya mtu mwingine. Na nikiruka siku mbili bila kupaka, uso mzima unawasha na kutoa vipele vipya ambavyo sikuwahi kuwa navyo. Nikaenda kwa daktari wa ngozi nikamwonyesha kile kikopo, akakinusa, akakiweka mezani, akanieleza taratibu bila kunigombeza, na namshukuru mpaka leo kwa hilo. Akasema kwenye mikorogo mara nyingi vinakuwamo vitu vitatu, hidrokwinoni, zebaki, na dawa kali za steroidi kama klobetasoli. Steroidi ndo inayofanya ngozi iwe nyembamba na ndo inayofanya uso ugome ukiacha. Zebaki inapita kwenye ngozi inakwenda mpaka kwenye figo. Na hidrokwinoni ukikaa nayo miaka inaweza kukugeukia, badala ya weupe ngozi inapata weusi wa bluu bluu, wanaita okronosisi, na huo kuutoa ni kazi kubwa sana. Zebaki na hidrokwinoni kwenye vipodozi ni marufuku Tanzania siku nyingi, zamani walikuwa wanasimamia TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, na tangu 2019 kazi hiyo ni ya TBS, shirika la viwango, ila kikopo kisicho na lebo nani atakisoma?

Dawa aliyonipa ilikuwa ngumu kuliko krimu yoyote: acha vyote, osha kwa maji, paka mafuta ya mgando, subiri. Miezi. Uso ulivimba, ukachubuka, nikawa nalia usiku. Na uso huo huo ndo niliopanda nao ndege Januari 2018 kwenda kumwona Mamkubwa.

Mamkubwa kaondoka Unguja mwaka 1974, baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwafungulia mlango wenye asili ya Oman warudi. Kafuata mume. Kiswahili chake ni kile cha mjini Unguja cha zamani, anasema maneno ambayo sisi huku tumeshayasahau, na pale mtaani kwake unaweza kwenda kwa jirani kuomba chumvi, ukakunywa na kahawa na halua, ukarudi hujasema neno la Kiarabu. Alinipokea mlangoni, akanibusu, halafu akanishika kidevu akanigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akanyamaza muda, akasema, "Nani kakuchuna hivi mwanangu?"

Sikuwa na la kujibu. Na yeye hakuniuliza tena.

Siku tatu hakunipa kitu. Mimi nilidhani nitafika tu atanitolea siri zake za Kiarabu, maana kabati lake la chumbani ni kama duka, mavumba, udi, chupa za mawardi (maji ya waridi), mafuta ya mti huu na mti ule. Alichofanya ni kunizimia kiyoyozi usiku. Akasema ubaridi wa mashine unakausha ngozi, ukilala nao usiku kucha unaamka kama ngozi ya papa, na ni kweli, tulikuwa tunakaa ndani kiyoyozi kinanguruma kutwa halafu nashangaa kwa nini uso unanivuta. Asubuhi naosha uso kwa maji tu, yeye ananinyunyizia mawardi kidogo kutoka kwenye mrashi, basi, kwaheri mpaka usiku.

Siku ya nne ndo akatoa jiwe. Kama hujawahi kuona liwa inavyosagwa, ni kipande cha mti wenye harufu, unakisugua kwenye jiwe huku unadondoshea mawardi, kinatoa uji mzito wa rangi ya udongo na harufu yake inajaa chumba, harufu baridi, sijui nielezeje. Nikakaa tayari nimefumba macho nasubiri anipake usoni, nikasikia ananipaka mikononi. Mikono yote mpaka mabegani, na miguu. Nikamwuliza, Mamkubwa na uso? Akasema, "Uso wako una jeraha, jeraha halisuguliwi."

Nikakumbuka singo niliyofanyiwa mwaka 2013 nikiolewa. Somo wangu, yule mama anayemfunda bibi harusi, alinisugua wiki nzima, singo ya asumini na mawaridi na mrehani na mlangilangi vimepondwa pamoja na liwa, anasugua mpaka nongo zinatoka kama uzi, mwili unabaki laini kama wa mtoto. Na mimi kwa akili yangu baada ya ndoa nikawa nachukua masalia ya singo nasugua chunusi za uso, kila wiki, kwa nguvu, nikidhani na zenyewe ni nongo. Kumbe ndo nilikuwa natawanya, nakwaruza, na kila mkwaruzo kwenye ngozi nyeusi unaacha doa lake. Nilipomwambia Mamkubwa akatikisa kichwa akasema singo ni ya mwili, uso hauna nongo, uso una vumbi tu. Nimekuja kusoma vitabuni na kwa madaktari baadaye, maneno marefu, lakini sijapata sentensi iliyonyooka kuliko hiyo.

Nataka niwe mkweli hapa kwa sababu najua mtu atakimbilia kununua mawardi. Sidhani kama mawardi ndo yaliniponya. Kilichoniponya ni muda, na kukaa mbali na jua na moto, na kutoguswa. Ila bila Mamkubwa nisingeweza kukaa mwezi mzima bila kujipaka kitu, ningetafuta kikopo kingine. Yeye alinishughulisha mikono na miguu ili uso upumzike.

Akanipeleka soko la Matrah. Hapo nilijifunza kunusa. Ubani unatoka Dhofar, kusini huko Salalah, unauzwa kwa daraja, ule mweupe wenye kijani kidogo unaong'aa, wanaouita hojari, ndo wa bei, ule wa kahawia ndo wa kufukiza kila siku. Nikanunua unga wa majani ya mkunazi, huko wanauita sidri, wanaoshea nywele, na sisi kwetu mkunazi tunaujua zaidi kwa kuoshea maiti, kwa hiyo mara ya kwanza kuutia kichwani nilisita kidogo, lakini nywele zilikaa vizuri sana na ngozi ya kichwa ikaacha kuwasha. Na Mamkubwa akanirekebisha tabia moja ya miaka, nilikuwa napaka marashi shingoni na nyuma ya masikio. Akasema marashi ni ya nguo, ngozi ifukize na moshi uliopoa, usiitie mafuta makali halafu ukatoka juani. Mimi nina alama mbili nyeusi shingoni ambazo sikuwahi kujua zimetoka wapi. Baadaye nikaja kusoma kwamba baadhi ya mafuta ya manukato, kama ya bergamoti, yakikutana na jua juu ya ngozi yanaunguza na kuacha weusi, na alama zenyewe zinakaa pale pale chupa ilipogusa.

London ni Novemba 2019, dada kajifungua mtoto wa kwanza na mama hakupata viza kwa wakati, nikaenda mimi. Uso ulikuwa umeshatulia, madoa ya zamani yapo lakini ngozi ni nzima, na mimi nilikwenda na chupa kubwa ya mafuta ya nazi ya nyumbani nikijua nimejitosheleza. Wiki ya pili nilikuwa na magamba. Pembeni ya pua, kwenye paji la uso, miguu imepiga mistari myeupe kama ardhi ya kiangazi, na kadiri ninavyopaka nazi ndo naonekana natoka mafuta juu na nimekauka chini. Nje baridi kavu, ndani hita inawaka kutwa, na maji ya London yana chokaa, ukiangalia ndani ya birika la dada kuna ukoko mweupe, na chokaa hiyo ikikutana na sabuni ya kipande inafanya utando unaobaki kwenye ngozi. Ongeza na wudhu mara tano kwa siku, maji ya uvuguvugu halafu baridi ya nje, viganja vyangu vilipasuka mpaka damu.

Dada alinikalisha kwenye ukingo wa bafu saa nne usiku, mtoto kalala, akanifundisha kitu ambacho kila mtu wa nchi za baridi anakijua na sisi tunaoishi Pwani hatujawahi kukihitaji. Mafuta hayaleti maji. Mafuta yanayafungia yaliyopo. Dar na Unguja hewa yenyewe ina maji, unatoka kuoga unapaka nazi unafungia unyevu na maisha yanaendelea, ila pale hewa ni kavu, unafungia ukavu. Kwa hiyo unapaka kwenye ngozi ambayo bado mbichi, hujajifuta vizuri, kwanza kitu chenye gliserini, kinavuta maji, halafu losheni nzito yenye seramidi (mafuta kama yale ya ngozi yenyewe), halafu pale panapopasuka mafuta ya mgando juu kabisa. Mafuta ya mgando, yale yale Vaseline ya kopo ambayo bibi alikuwa anatupaka asubuhi tukienda chuoni, kitu kilichopewa hataza Marekani mwaka 1872 na mpaka leo hakuna krimu ya bei mbaya inayofungia maji kuyashinda. Sabuni ya kipande akaniwekea mbali, akanipa ya maji isiyo na povu jingi. Siku tano tu viganja vilifunga.

Kulikuwa na jambo zito zaidi ndani ya nyumba ile, na nalisimulia kwa ruhusa ya dada. Mamkubwa alimpa mtu aliyekuwa anakuja Dar kifurushi nikipeleke London, ndani kuna nguo za mtoto, ubani, na kichupa cha shaba cha wanja na kijiti chake, wa kumtia mtoto machoni kama sote tulivyotiwa. Dada akakishika, akakiangalia, machozi yakamtoka, akasema simtii. Nesi anayepita majumbani kuangalia watoto alikuwa ameshamwuliza kama kwao wanatia wanja, akamweleza kwamba wanja mwingi wa zamani unasagwa kutoka kwenye jiwe lenye risasi ndani, madini ya risasi, na mtoto anajifuta macho anatia mkono mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama, inagusa ubongo unaokua. Marekani hawaruhusu kabisa wanja wa namna hiyo kuuzwa kama kipodozi.

Mimi nilimtetea Mamkubwa. Nikasema dada mbona sisi tuko wazima, na nikaona anavyoniangalia, nikakumbuka kikopo changu kisicho na lebo. Na hicho kichupa nacho hakina lebo. Kimetoka kwa mtu anayetupenda kuliko duka lolote, ila ndani yake hatujui kuna nini. Tulimpigia simu pamoja. Akanyamaza muda mrefu halafu akasema, "Na mimi nimewatia wote saba." Hakukasirika, alihuzunika, na kwangu hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Kichupa dada amekihifadhi kwenye kabati lake la vioo, kimefungwa. Mimi wanja natumia wa penseli, ambao umeandikwa vilivyomo, na nausoma wote.

Sasa meikapu. Miaka yote nimejipaka faundesheni nikatoka na uso wa majivu, na nilidhani tatizo ni mimi, kwamba uso wangu haupendezi na meikapu. Kwenye maduka mengi ya kwetu zamani ulikuwa unakuta rangi nane, sita za watu weupe, moja ya karameli na moja nyeusi tii, wewe wa katikati jichanganyie. Na ule ujivu una sababu yake, faundesheni nyingi zinaanzia kwenye titani daioksaidi, ambayo ni unga mweupe, halafu wanaongeza rangi juu, ukiwa mweusi ule weupe wa chini unajitokeza. Dada akanipeleka Stratford, kwenye Westfield, tukaingia Boots, duka la dawa na vipodozi, akaniambia leo hununui kwa kujaribu rangi kwenye mgongo wa mkono. Rihanna alipotoa Fenty Beauty, vipodozi vyake, Septemba 2017 alianza na rangi 40 kwa mpigo, na makampuni mengine yakaona aibu yakaanza kuongeza, kwa hiyo sasa kwenye rafu moja nilikuta za watu kama mimi karibu kumi, zinatofautiana kwa kitu kidogo tu, moja ina njano, moja ina wekundu, moja iko katikati.

Msichana wa pale alinipaka mistari mitatu kwenye taya, si shavuni, taya ambapo uso unakutana na shingo, halafu akasema tokeni nje mkanywe chai, mrudi baada ya nusu saa. Mwanga wa duka unadanganya, na faundesheni ikikaa usoni inabadilika, inakolea. Tukasimama nje kwenye baridi na kioo cha simu. Mistari miwili inaonekana. Wa katikati nikautafuta sikuuona, umepotea, umekuwa ngozi yangu. Mimi ni wa njano, dhahabu kabisa, na miaka yote nilikuwa nanunua za wekundu. Nilikuwa na miaka 31 na ndo mara ya kwanza kuona kitu kimetengenezwa kwa ajili ya uso kama wangu bila kuuomba uwe mwingine. Dada akanipiga picha ya kile kisichoonekana. Ninayo mpaka leo.

Na pale pale nikakutana na kitu ninachokipigania kuliko vyote, sanskrini, krimu ya kukinga jua. Nilikuwa nasema sisi weusi jua letu, na madoa yangu nilikuwa nayatibu kila usiku na kila mchana nayarudisha. Weusi wa ngozi unatukinga na kuungua, lakini mwanga wenyewe, hata ule tunaouona kwa macho, unachochea doa liwe jeusi zaidi kwenye ngozi ya rangi kama yetu. Ndo maana inayofaa zaidi kwa wenye madoa ni ile ya rangi, yenye oksaidi za chuma ndani, hiyo inazuia na ule mwanga wa macho, na haikuachi mweupe kama umepakwa chokaa. SPF, ile namba ya kinga kwenye kopo, ikiwa 30 inakata kama asilimia 97 ya miale ya UVB, ile inayounguza, 50 inakata 98, kwa hiyo msigombanie namba, gombaneni na kiasi, mistari miwili ya krimu yenye urefu wa vidole kwa uso na shingo. Dar kiwango cha miale ya jua mchana kinapita 11 kwenye kipimo, ambayo ni daraja la juu kabisa. Na wenzetu wenye ualbino hili kwao ni uhai, si urembo, pale hospitali ya KCMC Moshi walianza kutengeneza sanskrini yao, Kilisun, kwa ajili yao, na natamani kila mtu anayesema jua letu aende akaulize inatumika kufanya nini.

Najua swali la wanawake wa Kiislamu, maana mimi mwenyewe nililiuliza: na wudhu je? Mimi nafanya hivi. Alfajiri naosha, nasali, halafu ndo napaka. Adhuhuri naisafisha yote kwa maji na sabuni laini, natawadha, nasali, napaka tena, na saa hiyo ndo wakati ambao ningetakiwa kurudia kupaka hata kama nisingesali. Alasiri kama nimeshinda ndani nasafisha na sirudii. Usiku asidi ya azelaiki ya asilimia 10, hii nayo niliipata kwa dada, inapatikana kwenye ngano na shayiri, haichubui, inatuliza chunusi na kupunguza doa taratibu, na losheni. Madoa yangu ya tangu 2016 yalififia kwa miezi mitano hivi. Yote ni hayo, hakuna kingine.

Aprili 2023, baada tu ya Idi, nikarudi Maskati kwenye harusi ya mjukuu wa Mamkubwa. Nikampelekea sanskrini ya rangi. Na yeye akanipeleka Jabal Akhdar, mwendo wa kama saa mbili, polisi wanasimamisha chini ya mlima na kama gari si ya magurudumu manne kuvuta hupandi. Juu kule ni kama mita 2,000, hewa baridi, na ndo msimu wa mawaridi, wanayachuma asubuhi na mapema kabla jua halijala harufu. Nyumba moja ya wazee walituruhusu tuone wanavyopika, jiko la udongo, masufuria ya shaba, mvuke unapanda unakutana na baridi unadondoka kuwa maji. Mawardi ya namna ile yana harufu ya moshi ndani yake. Nikaelewa kwa nini za dukani sikuwahi kuzipenda. Nikanunua chupa mbili, moja nikaitia kwenye begi la mkononi nikasahau sheria ya mililita 100, iliyoletwa tangu 2006, ikachukuliwa nikibadilisha ndege. Niliumia kama nimefiwa.

Harusini watoto walipakwa piko, nyeusi tii, kwenye mikono. Nilisema. Hina ya kweli haiwi nyeusi, inaanza chungwa inakolea siku mbili mpaka kahawia nyekundu, ile nyeusi ya haraka inatiwa rangi ya nywele yenye kemikali ya PPD, na ikikuunguza mara moja mwili unaweza usiisahau maisha yako yote. Mmoja wa watoto wa binamu yangu aliamka asubuhi na malengelenge yamefuata maua yale yale. Mwaka ule mikono ya bibi harusi ilikuwa na hina nyekundu peke yake, Mamkubwa ndo alisimamia, akawaambia mtoto wa dada yangu kasoma.

Desemba 2024 nilikwenda tena. Mamkubwa hasimami muda mrefu sasa, magoti, na macho hayaoni vizuri. Sanskrini niliyompelekea alikuwa ameimaliza, kopo tupu kaliweka juu ya kabati na mavumba yake ili nilione. Mikono yake ina madoa ya jua makubwa na ngozi imekuwa nyembamba, ya uzee, si ya mkorogo, na viganja vimekauka. Akaniambia nitoe jiwe.

Sijawahi kusaga liwa mwenyewe. Nilikaa chini ya miguu yake pale mkekani, nikasugua, ikatoka kavu na chembechembe, yeye kafumba macho ananusa tu. Nilimpaka losheni kwanza, mikono ikiwa bado mbichi, halafu nikaanza na liwa juu ya vidole.

"Bado kavu," akasema. "Ongeza mawardi."

Nikaongeza.